Re: Sun Ultra 5 ya maabara haibuti, nisaidieni kabla haijatupwa

Kutoka: Leipzig

Wanajumuiya, salaam. Najua hapa tunazungumza zaidi vibali vya kuishi na bima, ila nimekwama kazini na huku sina wa kumuuliza. Maabara niliyoajiriwa ina kompyuta ya Sun Ultra 5 yenye Solaris (mfumo endeshi wake), na ndani yake kuna vipimo vya NMR (vya kuchunguza molekuli kwa sumaku) vya miaka mingi na programu ya uchambuzi ambayo bado inatumika. Wiki iliyopita umeme ulizimwa jengo zima kwa matengenezo. Uliporudi, mashine ikaandika "The IDPROM contents are invalid", na sasa inarudia tu "Timeout waiting for ARP/RARP packet". Mmoja anasema ni mtandao, mwingine anasema diski imekufa, itupwe Ijumaa. Kuna aliyewahi kuzishika hizi?

Kutoka: Toronto

Pole dada. ARP ni mambo ya mtandao. Umejaribu kubadilisha kebo?

Kutoka: Rotterdam

Dada wa Leipzig, tafadhali zuia hiyo Ijumaa. Kwa maelezo yako, diski ina kila dalili ya kuwa hai.

Kaka wa Toronto hakukosea kuuliza kebo, lakini ujumbe wa ARP hapa ni matokeo tu. Mashine imekosa pa kubuti, yaani pa kuanzishia mfumo wake, ikageukia mtandao kutafuta seva ambayo haipo. Chanzo kiko kwenye mstari wa kwanza ulioandika, ule wa IDPROM, yaani kumbukumbu ndogo ya utambulisho wa mashine.

Kwenye mazabodi ya Ultra 5 kuna chipu M48T59Y iliyochomekwa kwenye soketi. Ndiyo inayotunza saa, mipangilio ya kubuti, anwani ya kadi ya mtandao na namba ya mashine, yaani hostid. Betri yake imefungiwa humohumo ndani na hukaa miaka kama 10. Ultra 5 zilitoka 1998, kwa hiyo betri hiyo huenda ilikwisha zamani bila mtu kujua, kwa sababu mashine ikiwa kwenye umeme chipu haiihitaji betri. Siku umeme umekatika ndipo kila kitu kinafutika.

Anza hivi. Bonyeza Stop na A kwa pamoja mpaka uone alama ya ok. Kibodi ya PC haiingii kwenye mashine hii, na ikiwaka bila kibodi yoyote itapeleka maandishi kwenye poti ya siriali badala ya skrini, kwa hiyo itafute ile kibodi yake ya asili. Andika banner, amri inayoonyesha utambulisho wa mashine. Ukiona ff:ff:ff:ff:ff:ff, uhakika umepatikana kuwa chipu imefutika. Kisha:

setenv auto-boot? false
reset-all
probe-ide

Jina la diski likitokea, diski inasikika.

Hapo usiwe na haraka ya kubuti. Zima, ichomoe diski, iunganishe na kompyuta ya Linux kwa adapta ya IDE kwenda USB, na uinakili yote kwa ddrescue, programu ya kunakili diski hata yenye hitilafu. Vipimo hivyo vina thamani kuliko chuma kilichovibeba. Nakala hiyo unaweza kuifungua kwa kusoma tu, kwa mount -t ufs -o ro,ufstype=sun.

Sasa jambo ambalo wengi hulisahau. Programu nyingi za Unix za enzi hizo leseni zake zimefungwa kwenye hostid. Ukiweka namba yoyote ya kubuni mashine itabuti, lakini programu itakataa kufunguka, na ndipo watu husema "imekufa kweli". Itafute namba ya asili. Kwanza, kibandiko kilicho juu ya chipu. Pili, kwenye nakala ya diski soma var/adm/messages, utafute mstari wa "Ethernet address = 8:0:20:" ukifuatwa na tarakimu nyingine. Tatu, kama leseni ni ya FLEXlm (programu ya kusimamia leseni), hostid imeandikwa kwenye mstari wa SERVER wa faili la leseni lenyewe. Kwa Ultra 5 hostid huanza na 80, na tarakimu sita zinazofuata kwa kawaida ni zilezile za mwisho za anwani ya mtandao.

Rudisha diski, washa, ingia tena kwenye ok. Amri ya mkp huandika baiti moja kwenye IDPROM. Tuseme anwani ni 8:0:20:aa:bb:cc:

1 0 mkp
80 1 mkp
8 2 mkp 0 3 mkp 20 4 mkp
aa 5 mkp bb 6 mkp cc 7 mkp
0 8 mkp 0 9 mkp 0 a mkp 0 b mkp
aa c mkp bb d mkp cc e mkp
0 f 0 do i idprom@ xor loop f mkp

Mstari wa mwisho unakokotoa namba ya uhakiki, usiuruke. Andika banner uone kama imekubali. Halafu setenv diag-switch? false, kisha boot disk. Ikilalamikia mfumo wa mafaili, boot disk -s, halafu fsck ya kuukarabati.

Na kabla ya kugusa bisibisi pata ruhusa ya profesa kwa barua pepe. Sisi wageni kazini tunahitaji maandishi.

Kutoka: Leipzig

Asante sana kaka, Mungu akubariki. Profesa ameruhusu na kutupa kumeahirishwa. Kibandiko kimefutika, lakini anwani nimeikuta kwenye messages, na faili la leseni lina tarakimu zilezile! Imebuti, programu imefunguka. Saa tu inaonyesha mwaka wa ajabu.

Kutoka: Rotterdam

Alhamdulillahi. Saa irekebishe kwa amri ya date ukiwa root (msimamizi wa mashine), maana leseni nyingine huangalia tarehe pia. Usiizime mpaka chipu mpya ifike, na bandika karatasi kwenye plagi kwa Kijerumani ili wasafishaji wasiichomoe. Unaponunua, muombe muuzaji picha ya juu ya chipu. Tarakimu nne za tarehe huanza na mwaka kisha wiki, na ikiwa ya zamani sana betri yake nayo imezeeka dukani. Ikifika itakuwa tupu, kwa hiyo mistari ya mkp utairudia yote.