MJADALA: Kampuni kubwa za uhandisi zinatuona soko. Sisi tunabaki na nini?

Mpima wa Njiro (mleta mada)

Wakuu, salaam. Juzi nilitazama wasilisho la kampuni moja ya uhandisi ya kimataifa kwa wawekezaji wake. Jina naliacha, maana wa aina hiyo ni wengi na maneno yao yanafanana. Wanafanya umeme, maji, reli na viwanja vya ndege. Ilipofika zamu ya Afrika, jamaa akaweka makadirio ya Benki ya Maendeleo ya Afrika: bara hili linahitaji dola bilioni 130 hadi 170 kila mwaka kwa miundombinu, na fedha zilizopo hazifiki hata karibu. Kwake hiyo ilikuwa habari njema, akatabasamu kabisa.

Mimi nina kampuni ndogo ya ujenzi, daraja la sita. Vyombo vya kupimia: levo moja ya kwangu na totali stesheni ya kuazima. Vijana wanne. Nimefanya kazi chini ya wakandarasi wa nje mara tatu, kwa hiyo siongei kwa wivu tu, ingawa wivu upo.

Tazameni hapa Arusha. Njia nne za Sakina hadi Tengeru. Mradi wa maji wa shilingi bilioni 520. Uwanja wa Olmoti wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027. Kote huko kuna fedha za nje au mikono ya nje, na vyote tulivihitaji. Swali langu: tuendelee kuwafungulia mlango kama ulivyo, au masharti ya kuingilia yabadilike?

Chalii wa Sakina

Mwanangu, mimi sina mengi. Kabla ya njia nne nilikuwa natoka nyumbani giza na bado nachelewa kazini Tengeru. Aliyejenga awe Mkorea, Mchina au Mmeru, mimi nafika.

Hao wazawa mnaowatetea walituwekea kalavati mtaani kwetu. Masika ya kwanza likaenda na maji. Bango la mradi ndilo limebaki limesimama, limeandikwa vizuri tu.

Mama wa Soweto, Moshi

Chalii, kalavati lako naliamini, lakini ngoja nikueleze linakotokea. Nilikaa dawati la mikopo ya biashara kwenye benki miaka kumi na moja. Mkandarasi akipata kazi ya bilioni 20, anatakiwa kuleta dhamana ya utendaji, yaani ahadi ya benki kwamba akishindwa kazi benki italipa, mara nyingi asilimia 10. Hiyo ni bilioni 2. Benki haitoi dhamana kwa kumwangalia mtu usoni, inataka hati. Basi anakuja na hati ya nyumba yake, ya baba yake, na ya shemeji aliyembembeleza wiki mbili. Akitaka malipo ya awali, dhamana nyingine. Akianza kazi, anakopa ya mafuta na ya mishahara, riba inatembea. Halafu serikali inachelewa kumlipa cheti cha kwanza cha kazi aliyokwisha kufanya.

Kampuni kubwa ya nje inakuja na barua kutoka benki ya kwao, inayomjua tangu babu yake. Riba yake ni ndogo kuliko yetu mara kadhaa. Ikicheleweshewa malipo, inafungua mkataba, inahesabu riba ya kila siku na kuidai, na inalipwa. Mzawa akidai riba anaogopa kazi ijayo hatapewa.

Sasa huyo mwenye hati ya shemeji benki ndiye anayepunguza saruji kwenye kalavati. Simtetei. Ninachosema ni kwamba alikwisha kushindwa kabla hajachimba.

Mpima wa Njiro

Dada, hapo kwenye shemeji umenigusa pabaya.

Mwanasheria wa mtaani

Mnabishana na kitu ambacho sheria imeshakimaliza. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kanuni zake zimesema kazi za ujenzi zisizozidi bilioni 50 ni za wazawa. Fungueni NeST, ule mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni, ombeni zabuni, acheni kulia.

Mama wa Soweto, Moshi

Mwanasheria, umenipa haki ya kuingia ukumbini ukasahau nauli. Kazi ya bilioni 45 inataka dhamana ya bilioni nne na nusu. Niambie ni wakandarasi wangapi wa Kilimanjaro unaowajua wenye hati za thamani hiyo. Asiyeweza anatafuta mwenye fedha kutoka nje, anampa jina na mhuri, yeye anabaki na asilimia ndogo na picha ya uzinduzi. Kwenye karatasi ni mzawa. Sheria ni nzuri, nakubali, ila bila kugusa dhamana na malipo ya wakati itakuwa inagawa majina.

Mstaafu wa Kibosho

Wanangu, mnazungumza kama vile wageni wamekuja jana. KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, ilifunguliwa 1971. Mwaka 1998 ikakabidhiwa kampuni iitwayo KADCO kuiendesha, na mwenye hisa nyingi humo alikuwa Mott MacDonald, kampuni ya uhandisi ya Uingereza. Serikali yetu ilikuwa na hisa, lakini chache. Tuliambiwa mwekezaji ataleta mtaji na ujuzi, uwanja uchangamke. Mwaka 2009 serikali ikanunua hisa zote, na leo uwanja uko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege.

Kisha ukaja ukarabati mkubwa. Sehemu ya fedha ilitoka serikali ya Uholanzi, na mkandarasi akawa BAM, wa Uholanzi. Jengo likatoka zuri, sikatai, nimepokea wajukuu pale. Lakini angalieni mzunguko wa ile shilingi. Msaada unatoka Ulaya, unatua Hai, unarudi Ulaya jioni. Mtu anayekupa ng'ombe kwa sharti la kumchinja kwa bucha yake, utamwita mfadhili au mwenye bucha?

Chalii wa Sakina

Shikamoo mzee. Lakini nyama si tulikula?

Mstaafu wa Kibosho

Marahaba. Tulikula, ndiyo. Ngozi ilikwenda nao.

Mpare wa Mwanga

Nataka nimsaidie Chalii kuacha kuamini kila aliyetoka nje. Mradi wa maji wa Same, Mwanga hadi Korogwe unachota bwawa la Nyumba ya Mungu. Ulianza 2014. Wakandarasi wakasuasua mpaka serikali ikavunja mikataba, kazi ikaendelea kwa wataalamu wetu, na uzinduzi ukaja 2025. Miaka kumi na moja tunanunua maji ya dumu huku bwawa tunaliona kwa macho kutoka mlimani! Kwa hiyo ukubwa wa jina na pasipoti si kipimo.

Fundi Themi

Mbona mnaongelea barabara na maji tu? Mimi natokea upande wa viwanda. Pale Themi kuna Tanelec, wanatengeneza transfoma. Kuna wakati iliitwa ABB Tanelec, maana ABB, wale wakubwa wa Uswisi na Sweden, walikuwa wabia. ABB waliondoka, kiwanda hakikuondoka. Transfoma unazoziona juu ya nguzo vijijini, nyingi zimepita mikono ya watu wa Arusha, na vijana wa Chuo cha Ufundi wanajifunza pale kuzungusha koili.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona mimi. Kuna kampuni inayokuja kukuuzia transfoma, na kuna inayokuja kukaa nawe mtengeneze. Zote kwenye lile wasilisho la Mpima zinaitwa "kampuni zenye fursa Afrika". Mkataba uandike: transfoma zinunuliwe hapa, nondo hapa, mafundi wa kuchomelea wafunzwe na wapewe vyeti vyenye majina yao. Asiyetaka aende soko lingine.

Mwanasheria wa mtaani

Na akienda kweli? Sasa hivi kampuni zinakuja na fedha zao. Juni 2023 Wizara ilisaini mikataba ya barabara saba kwa mtindo wa EPC+F, mkandarasi anasanifu, anajenga, na anatafuta fedha mwenyewe. Mojawapo ni yetu, Arusha–Kibaya–Kongwa, kilomita 453. Huyo anayekuletea mkopo unampangia vipi nondo anunue wapi?

Mpima wa Njiro

Hapo ndipo mimi napata baridi. Kwenye mkataba wa kawaida kuna mwenye kazi, kuna mkandarasi, na kuna mhandisi msimamizi anayepima. Mimi ndiye yule anayeshika levo anasema hapa umepunguza sentimita tano, rudia. Mtu mmoja akikusanifia, akakujengea, akakukopesha, ile levo anashika nani? Ukimkatalia tabaka la kokoto, unamkatalia pia mkopeshaji wako. Sisemi mtindo huo ni wizi. Nasema serikali ikiingia humo iwe na wapimaji wake wanaolipwa na yeye, wa kutosha, tangu usanifu. Hao ni nafuu kuliko kokoto pungufu kwenye kilomita 453.

Na Mwanasheria, kumpangia inawezekana. Kama soko ni tamu kama yule jamaa alivyotabasamu, atasaini tu.

Fundi Themi

Atanung'unika kwanza. Halafu atasaini.

Mama wa Soweto, Moshi

Mpima, kaka yangu, ulisema umefanya chini yao mara tatu. Walikulipa?

Mpima wa Njiro

Mara mbili vizuri, tena kwa wakati kuliko halmashauri yoyote niliyowahi kuifanyia kazi. Hilo lazima niseme. Ya tatu nimelipwa, isipokuwa ile asilimia wanayoizuia mpaka kipindi cha matazamio, cha kuangalia kama kazi ina kasoro, kiishe. Kiliisha Machi. Mkandarasi amefunga kambi, mitambo imeondoka, na namba pekee inayoita ni ya mlinzi.

Chalii wa Sakina

Anapokea?

Mpima wa Njiro

Anapokea. Na yeye anadai.