Nimehamia Linux, magemu yangu ya Windows nitayachezaje? Naombeni ushauri

mgeni_wa_terminali
Wakuu, habari zenu. Windows 10 iliposimamishiwa masasisho Oktoba 2025, kompyuta yangu haikukidhi vigezo vya Windows 11, nikaona bora nihamie Linux moja kwa moja. Nimeweka Linux Mint, na kwa kazi za kila siku naipenda kwelikweli. Kilichobaki ni magemu. Mengi niliyanunua Steam, machache yako Epic (yote mawili ni maduka ya magemu mtandaoni), na kuna moja la zamani ambalo nina faili lake la exe tu, yaani faili la programu ya Windows. Kadi ya picha ni Nvidia GTX 1650. Diski ya pili bado ina folda nzima ya magemu kutoka Windows, imefomatiwa NTFS, mpangilio wa Windows wa kuhifadhi mafaili.

Nimesoma habari za Wine, Proton, Lutris na Bottles, programu za kuendeshea magemu ya Windows ndani ya Linux, kila mtu anasifia lake, nimebaki njia panda. Nianzie wapi? Na ile diski niitumie ilivyo, au nipakue kila kitu upya? Natanguliza shukrani.

Nahodha64
Karibu sana mkuu. Usianze na Wine tupu. Wine ndiyo mzizi wa hayo yote na ipo tangu 1993, ila ukiitumia peke yake utarekebisha mambo kwa mkono, gemu moja baada ya jingine. Proton ni Wine hiyohiyo ambayo Valve, wenye Steam, waliiboresha na kuiweka ndani ya Steam mwaka 2018.

Kiungo kikubwa humo ni DXVK. Gemu la Windows huzungumza na kadi kwa Direct3D, lugha ya michoro ya Windows, na Linux haina Direct3D. DXVK inazipokea amri hizo na kuzigeuza papo hapo kuwa za Vulkan, ambazo draiva ya Linux (programu inayoiendesha kadi) inazielewa. Magemu ya Direct3D 12 yanashughulikiwa na VKD3D-Proton. Hakuna Windows nzima inayoendeshwa kwa siri humo ndani, ndiyo maana kasi haishuki sana.

Weka Steam ya pakiti ya deb (faili la usakinishaji linalokubaliwa na Mint), ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya Compatibility, na ukikuta swichi ya Steam Play (yaani Proton) kwa magemu yote, iwashe; Steam za karibuni zimeiwasha tayari. Kuanzia hapo unasakinisha kama ulivyozoea.

bi_sheda
Nahodha kasema vyema, ila draiva kwanza! Wageni wengi wanailaumu Proton wakati kadi yenyewe haijaamka. Fungua Driver Manager ya Mint, chagua draiva ya Nvidia inayopendekezwa, kisha washa kompyuta upya. Halafu sakinisha vulkan-tools na uandike kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri):

vulkaninfo --summary

Jina la GTX 1650 lazima lionekane hapo. Ukiona llvmpipe peke yake, ujue prosesa ndiyo inayochora picha, na hakuna gemu la maana litakalokwenda. Wenye AMD na Intel hawana kazi hii, draiva zao zinakuja na mfumo.

ext4_daima
Kuhusu diski: usichezee magemu kwenye NTFS, nakusihi. Kila gemu Proton inalitengenezea folda ndani ya compatdata, na humo mna diski C ya kuigiza pamoja na viungo vyenye majina kama "c:". Nukta mbili kwenye jina la faili Windows haizikubali kabisa, na NTFS ndiko vurugu zinakoanzia: gemu linabofywa, linasema linaanza, kisha kimya.

Lakini huna haja ya kupakua upya. Nakili folda ya gemu kwenda steamapps/common kwenye diski ya ext4 (mpangilio wa Linux wa kuhifadhi mafaili), kisha bonyeza sakinisha. Steam itayakagua mafaili yaliyopo na kushusha yaliyopungua tu. Bando lako litapona.

Mlinda_Lango
Mkuu, hujasema kama unacheza magemu ya mashindano mtandaoni. Hapo ndipo penye ukuta. Valorant na Fortnite hazichezeki Linux, na Apex Legends walifunga mlango mwaka 2024. Easy Anti-Cheat na BattlEye, programu za kuzuia udanganyifu kwenye magemu, zinaweza kufanya kazi na Proton tangu 2021, lakini mpaka watengenezaji wa gemu waruhusu. Akitokea mtu na ujanja wa kukwepa kinga hizo, achana naye, utafungiwa akaunti. Kama huwezi kuishi bila gemu la aina hiyo, bakiza Windows kwenye diski nyingine kwa ajili yake tu.

mgeni_wa_terminali
Asanteni sana wadau. Nacheza ya peke yangu, kwa hiyo hapo nimepona. Draiva tayari, jina la kadi limetokea, na magemu ya Steam karibu yote yanafunguka! Limebaki moja: skrini inakuwa nyeusi, kisha linajifunga. Na ya Epic je?

Nahodha64
Epic tumia Heroic, programu ya kufungulia magemu ya Epic kwenye Linux, unaingia kwa akaunti yako na inaendesha Proton hiyohiyo. Lile la exe, liongeze Steam kama gemu la nje au lipeleke Bottles.

Hilo linalojifunga, litafute ProtonDB, tovuti ya ripoti za wachezaji kuhusu kila gemu. Usiishie kwenye alama ya jumla, soma ripoti za karibuni za wenye kadi ya Nvidia, mara nyingi mtu kashaandika toleo la Proton lililomkubalia. Toleo unalibadilisha kwenye sifa za gemu lenyewe. Likigoma bado, pata GE-Proton (Proton iliyorekebishwa na wapenzi) kupitia ProtonUp-Qt, programu ya kushushia matoleo hayo.

bi_sheda
Na ukitaka kujua kinacholiua, weka hii kwenye sehemu ya amri za kuanzia:

PROTON_LOG=1 %command%

Utakuta faili la steam-namba.log kwenye folda yako ya nyumbani. Tubandikie mistari ya mwisho hapa.

mgeni_wa_terminali
GE-Proton imelifungua, dada! Linakwamakwama dakika za mwanzo tu.

bi_sheda
Hizo ni sheda (programu ndogo za kuchora picha za gemu) zinaandaliwa mara ya kwanza, zikishahifadhiwa litatulia.

ext4_daima
Jambo moja: ukiona gemu limeharibika, utashauriwa ufute folda yake ya compatdata. Kabla hujafuta, ingia pfx/drive_c/users/steamuser unakili seivu zako, maana si kila gemu linazihifadhi mtandaoni.