Mtungi mmoja wa CO2 kwa tanki tatu za samaki, niweke T tu ama?

KijanaWaTudor
Salaam alaikum wakubwa, na wengine hamjambo. Mie niko Tudor, Mombasa, nina tanki tatu za maji tamu zenye mimea. Kubwa ya lita 200 hivi iko sebuleni, ya lita 60 iko hapo hapo kando yake, halafu kuna kadogo ka kamba wekundu kako chumba cha watoto nyuma ya ukuta. Nimepata mtungi wa CO2 wa kilo 5 kwa jamaa alikuwa akiuza soda za mashine, regulata, kile cha kupunguza presha, nimeagiza mtandaoni, ina tundu moja na solenoidi, ile valvu ya umeme. Sasa swali, naweza kukata mpira nikatia T mbili, vile viungo vya njia tatu, gesi ikaenda kote tatu? Muuzaji ameniambia T zatosha lakini nikimuuliza zitagawa vipi sawa anaangalia simu. Na hili joto la mwezi wa pili, mtungi ndani ya nyumba ni salama kweli?

BabaNeon
Waalaikum salaam. T usitie yakhe. Gesi haina adabu ya kugawana, inapita pale penye upinzani mdogo. Ni kama tangi la maji la juu ya paa, bomba la chini likifunguliwa wa ghorofani anapata upepo. Hapo kwako difyuza, lile jiwe la kuvunja gesi iwe mapovu madogo, ya tanki moja ikiziba kidogo tu na mwani, gesi yote inahamia kwengine, asubuhi mimea ya huku imelala njaa na samaki wa kule wako juu ya maji wanahema. Na usidhani ni kina cha maji ndio tatizo kubwa, sentimita 20 za maji ni presha ya kama bar 0.02 tu, ni lile jiwe la difyuza ndilo lenye upinzani wa kweli na hakuna mawili yanayofanana hata ukinunua pakiti moja.

Unachotaka ni manifoldi, kile kipande cha shaba chenye matundu kadhaa na kila tundu lina valvu yake ndogo ya sindano na chupa yake ya kuhesabia mapovu. Inafungwa baada ya solenoidi. Presha ya kutoka iweke kama bar 2, hapo valvu ndio zinaamua nani apate ngapi na difyuza iliyochoka haisumbui wenzake sana. Ukirekebisha moja rudi uangalie zile nyengine maana huwa zinasogea kidogo, subiri zitulie ndio ushike nyengine.

Halafu nonritani, valvu ya kuzuia kurudi nyuma, kila laini, karibu na tanki, usibanie hapo. Gesi ikifungwa usiku ile iliyobaki kwenye mpira inayeyuka kwenye maji na maji yanavutwa kurudi nyuma, bila nonritani yataingia kwenye manifoldi mpaka regulata, ama tanki ya juu ijimwage kwenye ya chini na magonjwa yake. Mpira nao uwe wa PU (poliyurethani) ule mgumu, wa silikoni unavujisha CO2 hata kama hauna tundu.

MamaAnubias
Mwanangu mie nakuuliza kwanza, hiyo ya kamba inataka gesi ya nini? Kama ndani mna anubias, java fern na kriptokorini hizo ni mimea ya kuishi bila mtungi. Kamba wenyewe hawapendi mambo ya kupanda na kushuka, na tanki ndogo gesi ikizidi kidogo tu ishakuwa msiba. Toa hiyo kwenye hesabu ubaki na mbili za sebuleni, na hutoboi ukuta wa mwenye nyumba. Ukiona lazima, hamira ile ya mahamri na sukari kwenye chupa ya soda, ingawa kwa joto letu inachemka haraka kisha inakufa, na hiyo usijaribu kuigawa tanki mbili kabisa, presha yake haitoshi.

Na kila tanki iwe na dropcheka yake, kile kichupa cha kupima CO2 kwa rangi, usipime moja ukasema zote sawa. Ndani tia maji maalum ya KH 4 (ugumu wa kaboneti), usitie ya tanki. Maji ya visima vya huku yanapita kwenye mawe ya matumbawe, chokaa kibao, yatakudanganya. Kijani ndio unataka, ni kama ppm 30 za CO2, sehemu 30 kwa milioni. Njano punguza mbio.

FundiMitungi
Kwa swali la joto. CO2 ndani ya mtungi ni majimaji, kwa nyuzi 21 presha ni kama bar 58, kwa nyuzi 30 inafika 72, na ikipita 31 haikai tena majimaji hata ungefanyaje. Kwa hivyo mchana wa mwezi wa pili geji itapanda, usishtuke, mtungi mzima umetengenezewa hayo. Hatari ni mtungi uliojazwa kupita uzito ulioandikwa shingoni, ama ulioachwa juani au kwa buti ya gari. Kajaze kwa watu wa gesi wenye mizani na waangalie tarehe ya kupimwa.

Huo wako wa soda hakikisha hauna bomba la ndani linaloshuka mpaka chini. Mitungi ya kuzimia moto mingi inalo, ukiusimamisha unatoa majimaji badala ya gesi na regulata kwisha. Uzi wa kufungia regulata pia, za mtandaoni nyingi ni za aina ya W21.8 ama CGA320, beba mtungi ukapime kabla hujalazimisha na spana. Usimamishe wima uufunge na mnyororo, viungo upake povu la sabuni. Gesi hii ni nzito inakaa chini kwa hivyo si chumba cha kulala cha watoto, na sebule dirisha wazi. Kujua imebaki ngapi pima uzito, geji haisemi kitu mpaka majimaji yaishe halafu inashuka ghafla, na regulata za bei rahisi hapo ndio humwaga gesi nyingi kwa mpigo. Badilisha kabla.

KijanaWaTudor
Shukran sana, ya kamba nimeitoa, mamangu umeshinda. Sasa solenoidi ni moja na taa za tanki mbili zinawaka saa tofauti. Na stima zikipotea?

BabaNeon
Linganisha taa tu, ndio rahisi. Gesi ianze saa moja ama mbili kabla ya taa, ifungwe saa moja kabla hazijazimwa. Ukitaka saa tofauti basi solenoidi mbili, moja kila laini. Stima zikipotea solenoidi inajifunga yenyewe hapo hamna shida, shida ni zile taima za kuzungusha zinabaki nyuma, taa ikiwa kwa taima ya betri na gesi kwa ya kuzungusha utakuta gesi inaingia usiku wa manane. Tia zote za aina moja. Usiku washa pampu ya hewa, maji ya nyuzi 30 hayabebi oksijeni nyingi na mimea nayo gizani inaivuta.

MamaAnubias
Na siku ya kwanza usiifungulie ukaenda kazini. Anza Jumapili ukiwa nyumbani, povu chache, upandishe pole pole, dropcheka inachukua masaa kadhaa kubadilika rangi.