Panya wamehamia kwenye injini ya Noah yangu, naombeni msaada wenye uzoefu

Mama wa Kihonda

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada, maana hapa nilipofika nimechoka kabisa.

Gari ni Toyota Noah ya mwaka 2004. Mume wangu yuko masomoni mkoa mwingine, kwa hiyo gari linashinda na kulala nyumbani. Nalitoa nikiwa na mzigo wa kuchukua Soko la Chifu Kingalu au mtoto akiugua usiku, siku nyingine zote natembea na daladala. Linakaa kwenye banda la bati ubavuni mwa nyumba, hapahapa Kihonda, Morogoro.

Mwezi uliopita taa ya cheki injini iliwaka na gari likaanza kumisi, ukisimama kwenye foleni linatetemeka lote. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi zote nne, hali ikabaki vilevile. Wa pili ndiye aliyefungua kile kifuniko cha plastiki juu ya injini, tukakuta kiota. Nyasi kavu, maganda ya mahindi, sponji nyeusi iliyonyofolewa chini ya boneti, na kipande cha kanga yangu, ile niliyoihangaikia nikidhani imeibwa kambani. Waya wa koili moja (kile kifaa kinachopeleka moto kwenye plagi) ulikuwa umetafunwa mpaka shaba inaonekana. Akaunganisha, akafunga tepu, tukaondoka.

Haikupita muda taa ikawaka tena. Waya uleule, na wa pembeni yake pia. Sasa nikiwasha feni ya ndani inatoka harufu ya mkojo ambayo mtoto anaziba pua.

Fundi anasema nibadilishe wairingi nzima ya injini, ya mtumba, Sh 450,000. Jirani yangu ananishauri nimwage sumu ya pakiti ndani ya boneti, asubuhi nitaokota mizoga. Nina mtoto wa miaka miwili anayeokota kila kitu na kukitia mdomoni, na nina paka.

Ninachoomba kujua: hiyo wairingi ni lazima? Sumu niiweke au nisiiweke? Na nifanyeje ili wasirudi? Hili gari ndilo linalotukimbiza hospitali usiku, siwezi kuliacha liharibike hivi hivi.

---

Kijana wa Ukonga

Pole sana dada. Nunua naftalini, zile za kuweka kabatini, zitie kwenye soksi kuukuu ufunge pembeni ya betri. Pia kuna vidude vya kutoa sauti ambayo binadamu haisikii ila panya inamuumiza masikio, Kariakoo vipo. Mzee wangu alikuwa na shida kama hiyo kwenye Hilux, akamaliza kwa paka tu.

---

Fundi Umeme Moshi

Dada, pole. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Moshi. Kila mahindi yanapotoka shamba na kuingia stoo, naletewa magari yenye ugonjwa huo huo, kwa hiyo naomba unisome mpaka mwisho kabla hujatoa hiyo hela.

Wairingi nzima usibadilishe kwanza. Waya mbili au tatu zilizoliwa karibu na koili ni kazi ya kukaa chini na kuunganisha vizuri, na fundi mtulivu anaimaliza asubuhi moja. Kuunganisha vizuri maana yake atoe terminali hasi ya betri, akate sehemu iliyoliwa mpaka afike kwenye shaba inayong'aa, aunge kipande kipya chenye unene uleule, atie lehemu, kisha avishe ule mpira mwembamba unaosinyaa ukipashwa moto. Mwisho arudishe nyaya zote kwenye lile bomba la plastiki lenye mikunjo. Tepu peke yake kwenye injini haidumu. Joto linayeyusha gundi yake, maji ya mvua yanaingia, na baada ya muda shaba inaota kutu ya kijani. Taa yako kuwaka tena yawezekana kabisa ni tepu iliyoachia, achana na panya.

Mwambie pia akague sehemu ambazo mafundi wengi hatuziangalii: waya za nozeli zinazonyunyiza mafuta, waya wa sensa ya oksijeni kule chini kwenye ekzosi, na zile waya mbili zilizosokotana zinazopeleka mawasiliano kati ya kontroli boksi (ile kompyuta ya gari) na vifaa vingine, kama gari lako linazo. Hizo zilizosokotana zikiungwa lazima zirudishwe kwenye msokoto wake. Zikiachwa zimenyooka gari linaweza kuleta taa za ajabu ajabu ambazo utazitafuta mwaka mzima. Wairingi ya mtumba inakuja na majeraha yake, na ukiifunga kwenye gari ambalo panya bado wanalala, umewapelekea chakula kipya.

Kwa nini wanatafuna? Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, asipotafuna yanamzidi urefu. Lakini kutafuna anaweza kutafuna popote. Kilichomleta kwenye gari lako ni giza, joto la injini iliyozimwa jioni, na chakula kilicho karibu. Kwenye orodha yako ya vitu vya kiotani umetaja maganda ya mahindi. Hayo hayakuota ndani ya boneti. Nenda kaangalie ndani ya hilo banda kuna nini zaidi ya gari.

Sumu usiweke. Hili nalisema kwa nguvu zote. Sumu nyingi za madukani zinamzuia panya damu isigande, na hafi papo hapo. Anatembea siku kadhaa, anakufa anapopapenda yeye. Kwenye gari anapapenda ndani ya mkondo wa hewa nyuma ya dashibodi. Nimeshavua dashibodi nzima ya Harrier ya mteja kwa ajili ya panya mmoja aliyekuwa amelala juu ya boksi la feni, na yule mteja alilipa kazi ya siku mbili kwa sababu ya sumu ya bei ya soda. Tena panya hubeba punje na kuzificha. Utaiweka kwenye boneti, utaikuta chini ya kiti cha mtoto. Ile ya unga mweusi wa zinki fosfaidi ndiyo mbaya zaidi, ikikutana na unyevu inatoa gesi yenye sumu. Na paka akimla panya mlevi wa sumu, utampoteza na yeye.

Kijana wa Ukonga, usichukie mdogo wangu, ila naftalini naikataa. Hewa ya ndani ya gari inavutwa kutoka palepale chini ya waipa, kwa hiyo huo mvuke unaishia puani mwa mtoto, na naftalini ina madhara kwa watoto wadogo, hasa wale wenye upungufu wa kurithi wa kimeng'enya fulani cha damu (G6PD), ambao huku kwetu ni wengi. Vidude vya sauti navyo, Marekani tume yao ya biashara iliwaandikia watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 mwaka 2001 kuwaonya kuhusu madai yao. Panya anazoea sauti haraka, na sauti yenyewe haipiti nyuma ya chuma. Kitu cha dukani ambacho sikikatai ni utepe wenye pilipili, Honda wanauza wa kwao, unazungushiwa kwenye nyaya. Unasaidia waya, lakini hauzuii kiota.

Kinachofanya kazi ni hiki. Tafuta wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Wavu wa kuku ni mpana mno, panya mdogo akishapenyeza kichwa mwili wote unafuata. Funga kipande kwenye mdomo wa bomba linalopeleka hewa kwenye filta ya injini, na kingine chini ya ile plastiki ya waipa panapoingia hewa ya kabini. Kaza kwa waya usioshika kutu, na hakikisha hakuna ncha inayofika kwenye mkanda au feni. Halafu fungua nyumba ya filta ya hewa, naamini utakuta kitu. Filta ya kabini kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria. Itoe, itupe, harufu yako iko humo.

Mitego ya kubana iweke sakafuni, ubavu wa ukuta, mdomo ukielekea ukutani, kwa sababu panya hukimbia akigusa ukuta kwa masharubu. Chambo ni karanga iliyopondwa, au dagaa aliyefungwa kwa uzi asinyakuliwe. Siku za kwanza weka bila kutega, waache wale chambo tu. Panya anaogopa kitu kigeni, akishazoea ndipo unatega. Kwa sababu ya mtoto na paka, ingiza kila mtego ndani ya kipande cha bomba la maji machafu la inchi 4.

Na gari liwashwe na litembee, walau mzunguko wa Msamvu na kurudi, kila baada ya siku mbili tatu. Kabla ya kuwasha fungua boneti uangalie. Nyasi kavu juu ya ekzosi iliyopata moto ni gari kuungua, hilo si la kutania.

---

Bwana Shamba Kilosa

Nakazia alichosema fundi, hasa la chakula. Mimi niko upande wa mazao, na panya wa Morogoro tunawajua. Yule panya shamba anabeba mimba wiki tatu na kidogo, na mkupuo mmoja unaweza kuzidi watoto 10. Wanazaana kwa kufuata mvua. Masika ikiwa nzuri, kufikia kiangazi wamejaa, na wakati huo mahindi yameshatoka shambani yamekuja nyumbani kwako, nao wanayafuata. Yule mweusi wa darini ni mwingine, huyo ni bingwa wa kupanda, anapita kwenye kamba, nguzo, tawi la mwembe lililogusa bati.

Dada, kama una magunia humo bandani, yatoe. Mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, ni mizuri kwa dumuzi na wadudu wengine, lakini panya anaitoboa, usiitegemee. Kihenge cha bati chenye mfuniko ndiyo dawa. Ukikosa, panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na kufagia nyuma yake. Fyeka majani kuzunguka banda. Na mkiona bundi jioni msimfukuze kwa mawe. Huyo anakamata panya usiku kucha na hakuombi chochote, ila akila aliyelishwa sumu anakufa.

Kuna jambo halijasemwa: kusafisha hicho kiota. Mkojo wa panya unabeba vimelea vya homa ya mgunda. Mnakumbuka Ruangwa, Lindi, Julai 2022, watu walikufa. Usifagie kikiwa kikavu. Vaa glovu na barakoa, loanisha kwa Jik iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa, subiri dakika kumi, okota kwa mfuko, funga, choma au fukia. Karibu na soketi za umeme tumia kitambaa kilicholowa, usinyunyize.

---

Mama wa Kihonda

Wakuu, asanteni sana, Mungu awabariki.

Nimeenda bandani na tochi. Kuna mfuko wa pumba za kuku ulioegemea tairi la nyuma, umetobolewa chini kwa duara kama wa sarafu, na njia ya pumba inaenda moja kwa moja mpaka tairi la mbele. Juu ya tairi, kwenye ule mkono wa chuma unaoingia ndani, vumbi limefutika na kumebaki weusi wa mafuta na vinyesi. Ndiyo ngazi yao. Kamba yangu ya kuanikia nayo imefungwa kwenye nguzo ya banda. Pumba na mahindi nimeshavihamishia stoo ya jikoni yenye mlango wa chuma, kamba nimeikata.

Nyumba ya filta ya hewa ilikuwa imejaa, fundi wa Moshi ulisema kweli. Walikuwemo na watoto, wekundu, bado hawajafumbua macho.

Swali la mwisho. Chini ya kiti cha dereva nimekuta waya uliofunikwa kwa bomba la njano, nao umeng'atwa kidogo. Fundi wangu anataka kuupima kwa taa. Nimruhusu?

---

Fundi Umeme Moshi

Hapana dada. Mwambie asiuguse. Njano ni mfumo wa ea begi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga), na ile taa yake ya kupimia inaweza kuufyatua. Atoe terminali hasi, asubiri angalau dakika moja na nusu kabla ya kusogeza kiti. Hapo hakuna kuunga wala lehemu, hicho kipande cha waya kinabadilishwa kizima, na mtu mwenye mashine ya kusoma huo mfumo. Mpaka hapo mtoto akae nyuma, na wewe uendeshe pale tu inapobidi, maana ea begi huenda isifanye kazi.

Koili aendelee nazo leo, hazihusiani na huo waya. Akimaliza afute kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari kwa mashine, kisha mwende barabarani kama nusu saa. Taa ikiwaka tena niandikie namba ya kodi hapa, P030 ikifuatiwa na 1, 2, 3 au 4, itakuonyesha ni silinda ipi.

Na wavu ufungwe kabla gari halijalala hapo tena. Mama yao bado yuko nje.