Simu yamaliza chaji na bando kabla ya alasiri, nibadilishe nini?

Mpishi_wa_Mtongwe
Assalam aleikum jamani. Mie nauza vitafunio vya oda: mahamri, viazi karai, na biriani wikendi. Biashara yote iko WhatsApp, kwa hivyo siwezi kuzima data nikakaa. Simu ni Android ya laini mbili, ina 5G, haijamaliza mwaka. Asubuhi naichomoa imejaa, adhuhuri ikiadhiniwa ishafika thelathini. Bando la siku halifiki alasiri, na filamu sitazami. Jikoni kwangu mtandao ni wa kubahatisha, mara vijiti viwili, mara hakuna. Kijana wa dukani kaniambia niiweke 2G tu. Nimeiweka, chaji inakaa, lakini picha ya mteja inazunguka hadi unga waumuka. Nifanyeje?

TukTuk_Kisauni
Zima data, washa ukitaka kujibu. Mimi stejini hufanya hivyo. M-Pesa ya menyu ya laini haihitaji data, hela zitaingia tu.

Mpishi_wa_Mtongwe
Kaka, oda nikiiona saa mbili baada ya mteja kuandika, huyo keshanunua kwa jirani.

Fundi_Kongowea
Dada, toa hiyo 2G. Kinachokula chaji ni huo mtandao wa jikoni. Simu ikiwa mbali na mnara, au ikizibwa na kuta za mawe, huongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili isikike, na nguvu hiyo inatoka kwenye betri. Tena ina 5G, ambayo Kenya imeanza kuuzwa 2022 na haijaenea kila mtaa. Basi simu inaichungulia, inaikosa, inarudi 4G, inaichungulia tena. Hata ikiipata, mara nyingi inashikilia 4G na 5G kwa pamoja.

Ingia Mipangilio, mitandao ya simu, aina ya mtandao. Chagua ile yenye 4G, 3G na 2G pamoja, ijichagulie yenyewe. Ukiona chaguo la 4G peke yake, liache: kama laini yako haipigi simu kupitia 4G, wateja watakupigia wasikupate. Halafu simu ikae dirishani, kivulini, mbali na jiko. Joto huichakaza betri ya lithiamu, na hilo hakuna mpangilio wa kulirekebisha.

Binti_Bamburi
Hiyo ni chaji. Bando je? Kabla ya kuzima chochote tazama nani anakula: fungua matumizi ya data, utaona programu zimepangwa kwa ukubwa. Kwangu ilikuwa programu ya picha. Kila gauni nililopiga picha ilipandisha mtandaoni kwa bando langu. Sasa inasubiri Wi-Fi, na masasisho ya Play Store vilevile.

WhatsApp nayo, zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha ukiwa kwenye data ya simu. Magrupu ya harusi ndiyo yanayotumaliza. Ujumbe wa sauti utaendelea kushuka wenyewe, huo hauzuiliki. Kisha washa Kiokoa Data, ila ndani yake iruhusu WhatsApp itumie data bila kikomo, la sivyo oda zitachelewa kama za TukTuk.

TukTuk_Kisauni
Nimesikia.

Mpishi_wa_Mtongwe
Nimetazama, wa kwanza ni Facebook! Nami huingia kuweka picha ya biriani tu.

Binti_Bamburi
Video zake zinajicheza ukipitisha kidole. Zima kwenye mipangilio ya Facebook yenyewe.

Mpishi_wa_Mtongwe
Ahsante mwanangu. Fundi, laini ya pili niizime? Ndiyo inayopokea pesa za wateja.

Fundi_Kongowea
Ingekuwa ya akiba ningesema izime, maana kila laini inatafuta mnara wake. Ya pesa iache. Lakini kama ni za kampuni mbili tofauti, jaribu data kwenye hii siku moja na kwenye ile siku ya pili, hapo hapo jikoni. Bando nunua kwenye yenye vijiti vingi nyumbani kwako, hata kama ile nyingine ina ofa. Ofa isiyo na mnara ni hasara ya chaji.

TukTuk_Kisauni
Biriani inafika Kisauni?

Mpishi_wa_Mtongwe
Inafika. Oda mwisho Ijumaa magharibi, nauli ya boda juu yako.