Tupeane uzoefu: siku uliyofomati kisichofomatiwa

Mlalahoi: Wakuu, jana nimenunua fleshi ya GB 32 Kariakoo, nikaifomati, yaani kuifuta na kuipangia upya, kwa mfumo wa FAT32 ili TV ya sebuleni iisome. Nakopi muvi ya GB 6, naambiwa faili ni kubwa mno. GB 6 kwenye GB 32 tupu! Nikajua nimepigwa, nikarudi kwa muuzaji nikawaka, duka zima likanicheka. Kumbe FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, hata fleshi iwe nyeupe. Sasa naambiwa nihamie mfumo mwingine, exFAT. TV itaisoma? Na nyie kufomati kumewafanya nini?

Chumvi Nyingi: Hapo kwenye duka zima nimerudia kusoma mara mbili 😂

Wa Stesheni: Nina stesheni, duka la kuchapa na kutoa kopi, jirani na chuo. Binti kaja na fleshi, mafolda yote yamegeuka shotikati. Nikamwambia kwa uhakika kabisa, dawa ni kufomati. Nikafomati. Tasnifu ikaenda na maji. Baadaye ndiyo najifunza kwamba kirusi kile kilikuwa kinaficha tu mafolda, kila kitu kilikuwemo humohumo.

Kiboko: Amri moja tu ya Windows ya kufichua vilivyofichwa, attrib -h -r -s /s /d, mchezo umeisha. Ulimtoza?

Wa Stesheni: Elfu moja ya kufomati. Usiniulize tena.

Mpiga Video: Mmenitonesha. Mimi ni wa maharusi. Ijumaa sendofu, Jumapili nina kazi nyingine Morogoro, kadi za kamera ni mbili tu, kwa hiyo sendofu yote naimwaga kwenye eksteno, diski ya nje, ya TB 1 halafu nafomati kadi. Siku zote kadi naichomeka kwanza, kompyuta inaipa herufi E. Usiku ule kadi ya kwanza nilishaimwaga na kuifomati; ya pili nikaichomeka baada ya eksteno, E ikaenda kwa eksteno. Mkono umeshazoea: E, fomati, ile ya haraka. Likaja onyo kwamba vyote vitafutwa, nikalikubalia kama mtu anayemwitikia mtoto huku anaangalia mpira. Sekunde chache tu. Nafungua nione, GB 931 tupu. Kadi ya GB 64 itakuwaje na 931? Namba ilikuwa inanitazama usoni muda wote ule.

Kosa la pili ndilo lililoniua. Kadi nilizihitaji asubuhi, nikachukua klipu za kazi nyingine zilizokuwa kwenye kadi ya pili nikazikopi kwenye eksteno ileile. Fundi swali lake la kwanza lilikuwa hilo: "Umeandika kitu juu yake?" Akanieleza kwamba fomati ya haraka inachana orodha ya mafaili tu, video zenyewe zinabaki zimelala palepale mpaka kitu kingine kikalie nafasi yao. Na mimi nilishavikalisha vitu GB 40.

Akaweka PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, anaokoa kwenda diski nyingine, siku mbili usiku na mchana. Yakarudi mafaili maelfu, hayana majina, herufi f na tarakimu tu. Nikafungua moja moja. Keki ipo, ndafu ipo, MC na utani wake wote yupo. Kilichokosekana ni mama mzazi akiingia na wenzake wa vitenge sare, wanacheza toka mlangoni mpaka meza kuu. Dakika tisa.

Nilimpelekea mwenyewe. Akaangalia mpaka mwisho mbele yangu, hajasema neno. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, kwani mimi sikuwepo?"

Kiboko: Aisee.

Wa Stesheni: Bora mimi na tasnifu yangu.

Chumvi Nyingi: Hela ulirudisha?

Mpiga Video: Nusu. Nusu nilishaila Morogoro.

Daktari wa Diski: Ungeweka NTFS, mfumo wa Windows, haya yasingekukuta.

Mpiga Video: Ilikuwa NTFS, mkuu.

Daktari wa Diski: Naongelea umeme kukatika katikati ya kukopi. NTFS inaandika kwanza inachotaka kufanya, exFAT haina hiyo, ukiichomoa ghafla unalia. Na FAT32 mwisho wake GB 32.

Mzee wa Pengwini: Usipotoshe watu. GB 32 ni dirisha la kufomati la Windows ndilo linalogoma. FAT32 yenyewe inafika TB 2.

Daktari wa Diski: Nani anafomati TB 2 kwa FAT32?

Mzee wa Pengwini: Anayetaka. Wekeni ext4, mfumo wa Linux, mlale usingizi.

Kiboko: Ext4 uchomeke kwenye Windows ya ofisini, ikuambie diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Bosi wangu alibonyeza. Windows ikishindwa kuisoma diski, yenyewe inaona haina kitu.

Dada wa Studio: Kwetu kuna Mac na Windows. NTFS kwenye Mac inasomeka tu, kuandika mpaka uongeze programu. Tunatumia exFAT, na hatuchomoi kabla ya kuiaga kwa Eject. Nakala mbili, moja nyumbani.

Wa Stesheni: Na kama ni SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, msimtegemee fundi wa Mpiga Video. Ukifomati, Windows inaiambia diski vile vipande havina kazi tena, nayo inavisafisha yenyewe. Mara nyingi hakuna cha kuokota.

Chumvi Nyingi: Kwa hiyo dawa ni kutofomati.

Daktari wa Diski: Dawa ni kuchomeka kimoja kimoja. Kinachobaki mezani hakifomatiki.

Mpiga Video: Hilo ndilo nafanya sasa. Na diski zote nimezipa majina. Ile inaitwa MAMA.

Mlalahoi: Poleni sana wakuu. Jamani, TV yangu exFAT itasoma?

Mzee wa Pengwini: TV ya mwaka gani?

Mlalahoi: Ya shemeji.