Sacramento au Houston: Pendekezo la 13 la mwaka 1978 lina uzito gani kwa mnunuzi wa leo?

Mvuvi_wa_Pemba: Ndugu zangu, mimi na mwenzangu tunakaribia kununua nyumba yetu ya kwanza, na tumebaki na miji miwili, Sacramento ya California na Houston ya Texas. Nasikia wananchi wa California walijipitishia kwa kura sheria ya kubana kodi ya majengo, iitwayo Pendekezo la 13, ilhali Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo. Wapi kuna nafuu?

BiRehema: Umetuletea nusu ya swali, ndugu yangu. Nyumba ni ya bei gani, na mnakusudia kukaa miaka mingapi? Bila hayo tutabaki kubahatisha.

Mzee_Karani: Miaka ndiyo kiini cha jambo. Howard Jarvis na Paul Gann, wanaharakati wa kupinga kodi, walikusanya saini, na Juni 6, 1978 pendekezo lao hilo la 13 likapita kwa karibu asilimia 65 ya kura, huku Pendekezo la 8, ambalo wabunge walilitunga kama mbadala, likianguka siku hiyo hiyo. Thamani za nyumba zilirudishwa kwenye viwango vya 1975, kodi ya msingi ikawekewa kikomo cha asilimia 1, na thamani ya kutozwa haipandi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Ukinunua wewe, hesabu inaanza upya kwa bei uliyolipa.

Salma_K: Na hapo ndipo nilipoumia. Jirani yangu, bibi aliyenunua nyumba yake miaka ya sabini, alinionyesha bili yake mezani jikoni: dola 900 na ushei. Yangu ilikuwa 6,200, kwa nyumba ya ramani ile ile. Miezi michache baadaye ikaja bili ya nyongeza, ya kufidia tofauti kati ya thamani ya mwenye nyumba wa awali na bei niliyonunua. Nilidhani benki ingeilipa kutoka kwenye fedha za kodi ninazoiwekea kila mwezi, kumbe ile ilikuwa juu yangu mwenyewe, na nilipogundua nilikuwa nimeshapigwa faini ya asilimia 10.

Hamisi_Texas: Basi njooni Texas!

Mzee_Karani: Taratibu, kijana. Kwenu kikomo cha ongezeko la thamani kwa nyumba anayoishi mwenyewe ni asilimia 10 kwa mwaka, na viwango vya kodi yenyewe ni vikubwa kuliko vya California.

BiRehema: Mimi nauliza haki iko wapi, majirani wawili kutozwa tofauti hivyo.

Mzee_Karani: Mahakama Kuu ya Marekani iliulizwa hilo hilo mwaka 1992, na majaji 8 kwa 1 wakasema mpango huo hauvunji katiba.

Salma_K: Bibi yule angetozwa kwa bei ya leo, angeshahama zamani. Kinachoniudhi ni majengo ya biashara kujificha nyuma yake. Mwaka 2020 Pendekezo la 15 lilitaka kuyaondolea kinga hiyo ya Pendekezo la 13, likashindwa kwa tofauti ndogo ya kura.

Mvuvi_wa_Pemba: Nawashukuru nyote. Tunafikiria miaka mitano, labda kumi, ila mwenzangu haliwezi joto la Houston.

BiRehema: Na bei?